Radi ya Darasa la Tatu

"Shemeji, mimi sikuja kutazama ramani," alisema Mama Mapacha. "Nakuambia radi iko darasani, wewe unanionyesha rangi."

Shemeji, mdogo wa mume wake na fundi wa Kituo cha Kupima Radi, alirudia kwamba ramani haidanganyi. Kila radi inayopiga ardhi hutoa mshindo usiosikika kwa sikio la mtu, lakini vihisi vilivyosimikwa ardhini huusikia. Vihisi vitatu vikiusikia kutoka pande tatu, nukta nyekundu hutokea kwenye ramani, palepale radi ilipoanguka. Upande wa bondeni, iliko shule, haukuwa na nukta hata moja. Ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa.

"Basi nani amesimama mbele ya ubao tangu Jumatatu?"

Ilikuwa imesimama kweli. Ilitoboa bati la darasa la tatu, ikatua kati ya ubao na meza ya mwalimu, na haikuondoka. Ilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima na ilinguruma kama friji. Mwalimu alisogeza meza, akawakataza watoto kuigusa, akaendelea na hesabu za kugawanya. Malalamiko yake yalikuwa kwamba mwanga unawaumiza macho wanaokaa mbele, na kwamba wale mapacha wanairushia vipande vya karatasi kuona vinavyoungua.

Kwa kawaida radi haina tabia ya kukaa. Hupiga, huandikwa, huenda zake. Hii haikuandikwa, kwa hiyo ilisubiri, kama mtu aliyeambiwa akae benchi mpaka aitwe.

Shemeji aliyajua yote hayo. Kihisi cha bondeni alikihamisha yeye mwenyewe, kwa amri ya Mkurugenzi aliyeogopa wezi. Alikisimika uani kwa Kituo, kando ya kile cha zamani, penye ukuta na mlinzi. Tangu siku hiyo Kituo kilikuwa kama mtu mwenye masikio yote mawili upande mmoja wa kichwa.

Mama Mapacha alitaka kirudishwe. Shemeji alisema kitarudi ramani ikionyesha kuwa bondeni radi zinaanguka. Na kinga ya radi, ile fimbo ya chuma ya juu ya paa ambayo shule imekuwa ikiiomba, hupewa jengo lenye nukta tu.

"Yaani mgonjwa apone kwanza, ndipo apelekwe hospitali."

"Ndio utaratibu, shemeji."

"Haya. Tundu liko wazi juu ya vichwa vya watoto wa kaka yako, na radi hupenda njia iliyokwisha kufunguliwa. Ya pili inachungulia. Leo asubuhi imeingiza kidole."

Shemeji alipendekeza watoto wahamie darasa jingine. Alijibiwa kwamba madarasa mengine yamejaa mpaka watoto wanakalia madirisha. Hapo akaanza kupanga kalamu zake. Mama Mapacha alimwangalia akizipanga, akaufunga mtandio kiunoni, akatoka.

Alifika shuleni, akavaa glavu za mpira, akaikunja radi taratibu kwa mwiko mkavu, akaitia kwenye beseni la plastiki na kujitwika. Njiani watu walimpisha. Mwanamke mmoja aliuliza kama inauzwa. Getini kwa Kituo mlinzi alisema mizigo ya wageni hukaguliwa, akachungulia beseni, akamruhusu apite ila asije akamwaga.

Aliimwaga katikati ya vihisi viwili vya uani. Vyote vikalia, na vya mbali vikaitikia. Nukta nyekundu ikatokea kwenye ramani. Radi, baada ya kuandikwa, ikaondoka bila kuaga, beseni likabaki na joto.

Mkurugenzi alitoka ofisini, akaitazama nukta kwa masikitiko. Alisema jambo hili ni zito, na jengo hili lipate kinga leo hii. Shemeji alimkumbusha kwa adabu kwamba paa la Kituo tayari lina kinga nne. Mkurugenzi akasema utaratibu haubagui. Mafundi wakaleta ngazi, wakasimika ya tano.

Kuhusu shule, alimweleza Mama Mapacha kwa upole, bondeni bado ni kweupe. Ila afurahi, maana amesaidia kuthibitisha kuwa vihisi vinafanya kazi.

Mama Mapacha aliiangalia kinga ya tano. Kisha akaliangalia wingu lililokuwa likijikusanya juu ya bonde.

"Shemeji, gari la Mkurugenzi lisogezwe."

"Liende wapi?"

"Popote. Wanao wanakuja kusoma."

Alishuka bondeni mwenyewe kuwaleta. Kabla ya tone la kwanza, darasa la tatu lilikuwa limepanda mlima wote, mabenchi vichwani, mwalimu na ubao mgongoni, mapacha mbele wakigombania beseni. Mlinzi alikagua mabenchi. Mkurugenzi aliuliza kama watoto wana kibali. Mama Mapacha akamwuliza kama radi ilikuwa nacho. Mkurugenzi alilifikiria hilo kidogo, akarudi ofisini. Shemeji alisogeza gari, akafuta mafuta yaliyodondoka chini, akaegemeza ubao ukutani.

Watoto wakakaa chini ya kinga tano, wakafungua madaftari.

Mvua ilipoanza, mwalimu aliwasogeza kibarazani. Kule bondeni radi ya pili iliingia kwa tundu lilelile, ikasimama katikati ya darasa tupu, ikasubiri kuitwa. Mwanga wake ulifika mpaka uani. Shemeji alikwenda kutazama ramani, kwa mazoea, akarudi kusema kwamba bondeni ni shwari.

"Sogea huko, unawaziba," alisema Mama Mapacha.

Akasogea. Mwalimu aligonga ubao, akauliza saba mara nane.