S Yenye Viatu

Baba yangu hakuwahi kunipiga hata kibao, lakini alinirudishia herufi S mpaka nikatamani bora anipige tu yaishe. "Tumbo," anasema, huku anaisukuma karatasi pembeni kwa kidole kimoja. Basi, hakuna la ziada. Nijue mwenyewe kama ni tumbo la juu au la chini, limejaa mno au limesinyaa. Nikinuna, anacheka. Anasema nikinuna nafanana na G.

Alikuwa fundi wa mabango. Maduka, saluni, gereji, milango ya ofisi, malori ya mizigo, kote alikuwa amepita na brashi yake. Karakana ilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba yetu, kinanuka rangi ya mafuta na tapentaini, brashi zimesimama kwenye makopo ya maziwa. Mdogo wangu wa kiume aliikimbia kazi hiyo mapema kabisa. Mimi nilibaki kwa ubishi zaidi kuliko kwa kipaji. Baba alisema mbele ya wateja kwamba mkono wangu mzito, na mimi ukiniambia siwezi, hapo hapo najifunga kibwebwe.

Hakunifundisha kwa vitabu. Aina za herufi nilizijua kwa kuzichora moja moja, kwa penseli kwanza, kisha kwa brashi, kwenye magazeti ya zamani. Zile zenye vijikanyagio miguuni aliziita herufi za viatu. Zile zilizokatwa wima bila pambo lolote, pekupeku. Nene zilikuwa zimeshiba, nyembamba zimefunga, na zile za kuinama mbele alisema zinakimbilia basi. Alinionyesha kwamba O lazima ipite mstari kidogo, juu na chini. Ukiibana iwe sawasawa na H, itaonekana imesinyaa, kama nguo iliyorowa mvua. "Jicho linadanganya," alisema, "na wewe lidanganye." Akanizoesha pia kuugeuza ubao juu chini kabla ya kuikubali kazi. Ukiusoma, alisema, huuoni. Ukiupindua, maneno yanapotea, yanabaki maumbo matupu, na kosa linajianika lenyewe.

Pekupeku nilizimudu. Za viatu nikazimudu pia, isipokuwa S. Jamani, S ya viatu! Haina mahali pa kushika. Ukirekebisha kiuno, kichwa kinavimba, ukipunguza kichwa, inaanguka kifudifudi.

Sasa, kazi ikishakubalika, baba alikuwa akichovya ncha ya brashi nyembamba kwenye rangi nyekundu, anaweka nukta kwenye kona ya chini, upande wa kulia. Ndogo tu, kama punje ya mtama. Aliiita jicho. Jina lake hakuliandika popote, hiyo nukta ndiyo ilikuwa sahihi yake. Mabango niliyochora mimi yalitoka bila jicho. Wateja hawakujua tofauti, lakini mimi niliijua, na iliniuma kweli kweli. Siku moja nikamlalamikia.

"Siku nitakayoweka jicho kwenye kazi yako, mama, ujue umefika," akaniambia. Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Wewe niletee S."

Hicho ndicho nilichokitaka. Watu wanataka nyumba, wanataka waume, mimi nilitaka nukta ya rangi.

Ugonjwa ulianza kwa ubao wa duka la viatu. Baba aliuchora vizuri kama kawaida, akaupindua kuukagua, akaridhika, akachovya rangi nyekundu, akaweka jicho. Kisha akaenda kunywa chai. Nilipougeuza ubao ukae sawa, jicho lilikuwa juu, kona ya kushoto. Alikuwa amesahau kwamba ameupindua. Nilicheka nikamwita, nikidhani atacheka naye. Akautazama ule ubao, akanitazama, akauliza nani kaharibu kazi yake. Hakuwa anatania. Nikasema ni mimi. Akanigombeza mpaka mama akashuka kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo zikafuata nyingine. Akaondoka na ngazi begani kwenda kuchora saluni aliyoichora mwezi uliopita. Akapotea kwenye mtaa ambao nusu ya mabango yake ni kazi ya mkono wake. Daktari alitueleza kwa upole, mama ameshika mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri usafiri. Ni ugonjwa wa kusahau, alisema. Hauna dawa, haurudi nyuma, unakwenda mbele tu. Mama akauliza kama kuna chakula cha kumpa. Daktari akasema mpeni anachopenda.

Mdogo wangu ndipo alipoleta mtambo wake wa kuchapa mabango. Tunamwita Bwana Mitambo tangu utoto, alikuwa akifungua redio za watu. Sina ugomvi naye. Ndiye aliyemwogesha baba siku ambazo mimi na mama tulishindwa kumshika, na mtambo huo ndio uliokuwa ukitulisha wote. Lakini ulikaa katikati ya karakana ukitema plastiki kutwa nzima, na meza yangu ikasukumwa, ikasukumwa, hadi ikaegemea mlango wa choo.

"Dada, herufi zote zimo humu," alinionyesha kwenye kompyuta. "Za viatu, pekupeku, zilizoshiba. Nabonyeza tu. Unajitesa kwa nini?"

"Na S?"

"Na S."

Akabonyeza. Ikatokea S ya viatu, imekaa, haina kasoro, imetulia kabisa. Nilitamani kuirushia kopo la rangi.

Hakuna mteja aliyekuwa akiuliza tena kazi ya mkono. Nilijua hata nikiipata hiyo S, hakuna ukuta unaoingoja. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumpelekea, na mtu huyo alikuwa akiondoka kidogo kidogo mbele ya macho yangu, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, amevaa sweta kinyume.

Nikachora. Kila siku nilijaza magazeti. Nikipika, nachora S kwenye unga. Mama akasema, "Mwanangu, utarukwa na akili wewe, tutakuwa na wagonjwa wawili." Nampelekea baba, na ajabu ni hii: kwenye mambo mengine alikuwa amepotea, hajui kama amekula au bado, lakini ukimwekea herufi mbele, macho yanaamka. Kuna siku ananiita mama. Kuna siku ananiambia, "Karibu dada, bango lako halijakauka," akidhani mimi ni mteja. Lakini S akaitazama vilevile, akaisukuma vilevile kwa kidole kimoja.

"Tumbo."

Huwezi kuamini nilivyokuwa nikifurahi kusikia neno hilo. Nilijiambia, anayesema tumbo bado yupo. Nikawa na matumaini ya kijinga, yale ambayo unajua ni ya kijinga na bado unayapikia chai.

Kisha Bwana Mitambo akaniambia mtambo wa pili unakuja Jumamosi, na meza haina pa kukaa. Aliniambia akiwa ameinamisha macho. Nikamwambia sawa. Ilibaki mbao moja iliyokwisha kupakwa rangi nyeupe, baba aliitayarisha mwenyewe zamani, laini kama sahani. Ijumaa asubuhi nikaipandisha mezani. Sikupiga mistari. Nikavuta pumzi, nikaegemeza mkono kwenye ile fimbo ya baba ya kutulizia mkono, nikachora S moja kubwa, yenye viatu, nyeusi.

Sijui ilikuwaje. Mkono ulikwenda. Nilipoipindua, sikuona kosa.

Niliibeba mpaka chumbani kwa baba. Mama alikuwa amemnyoa, ana povu sikioni. Nikaiegemeza mbao kwenye kabati, nikakaa sakafuni, kando ya kitanda alichokalia.

Aliitazama muda mrefu. Akafanya ishara ya kugeuza kwa mkono. Nikaipindua. Akainama, akapitisha kidole kiunoni mwa ile herufi, hewani, bila kuigusa, kama alivyokuwa akifanya zamani. Hakusema tumbo. Nikasubiri, na hakusema.

"Irudishe," akasema.

Nikaiweka sawa.

"Nipe nyekundu."

Nilikimbia ngazi zile nusura nivunjike shingo. Nikarudi na kopo na brashi nyembamba. Mkono wake ulikuwa unatetemeka tangu mwanzo wa mwaka, kijiko kilimshinda, lakini alipoishika ile brashi ukatulia. Akachovya. Akapangusa ziada kwenye mdomo wa kopo. Akaweka jicho, kona ya chini, upande wa kulia, panapotakiwa.

Nikapiga yowe. Mama akashtuka akaangusha beseni. "Baba! Umeweka jicho! Umeniwekea jicho!" Nilikuwa nalia, nacheka, nimemshika magoti.

Aliurudisha mguu wake taratibu, kama mtu aliyeshikwa na mgeni sokoni. Alinitazama kwa adabu, ile adabu ya kumtazama mteja.

"Jicho naweka kwenye kazi yangu, dada," akasema. "Hii nimeichora mimi asubuhi."

Nikamwangalia mama. Mama alikuwa ameinama anafuta maji sakafuni, hakuinua uso.

"Ni nzuri, fundi," nikasema.

"Eh, si mbaya." Akaitazama tena, ameridhika, amependeza kabisa na lile povu sikioni. "Ukishuka, nitafutie binti yangu hapo chini. Anajifunza kazi. Mwambie aje aone tumbo linavyokaa."

"Nitamwambia."

"Mbishi sana yule, lakini ana moyo." Akanirudishia brashi, akanishika mkono na kushusha sauti, kana kwamba ananiambia siri ambayo binti mwenyewe asiisikie. "Nataka na yeye nimwekee jicho kabla sijachoka. Kila siku nangoja. Lakini bado, dada. Bado hajafika."