Sinki la Choo Upande Wangu wa Kitanda

Kwanza nieleweke: mimi simchukii mume wangu. Nimechoka tu. Kuna kuchoka kwa mwili, ambako ukilala kunaisha, na kuna kuchoka kwa mtu ambaye kila asubuhi akishusha mguu kitandani unakutana na sinki la choo.

Si chooni. Chumbani. Sinki jipya, jeupe, la choo cha kukaa, bado liko kwenye nailoni yake, na limewekwa upande wangu kwa sababu upande wake kumepangwa madirisha mapya. Nyuma ya kabati kuna mabati. Chini ya kitanda kuna vigae. Na sebuleni, ukiingia tu, kuna mlango wa mbao ngumu umeegemezwa ukutani, hauendi popote. Shoga yangu mmoja aliwahi kubisha hodi pale, akidhani kuna chumba cha kumlazia mtoto.

Mume wangu ni dereva wa lori la duka la vifaa vya ujenzi. Kitu kikichubuka kidogo, au mteja akikirudisha, bosi wake anakiuza bei ya kutupa, na wa kwanza kunyoosha mkono ni huyu wangu. Mtaani wanamwita Bwana Hadiwea, naye anaitika. Kiwanja hana. Hajawahi kuwa nacho.

"Kiwanja kitakuja, mama watoto," ananiambia. "Tuanze na akiba."

"Akiba ni hela, baba."

"Hela ukiiweka benki, wanakata. Ukiiweka kwenye kikundi, mweka hazina anahama mtaa. Ukiiweka ndani, ndugu zangu wanaisikia harufu. Sasa bati nani atalikata? Sinki nani atalikopa? Na bei zikipanda, nalo linapanda hapohapo, wewe umelala."

Kwenye kikundi alinigusa pabaya. Mweka hazina wetu kweli alihama mtaa, akahama na hela yangu ya mashine ya kukaushia nywele. Hata kwa ndugu zake hakukosea. Shemeji yangu mdogo alikuja siku moja na wazo la biashara, kama kawaida yake, akakaa, akashusha pumzi, akasema, "Kaka, nimekwama." Kaka mtu akamjibu, "Mdogo wangu, nilicho nacho ndicho hicho unachokiona. Chagua." Shemeji akautazama mlango, akaitazama mifuko ya saruji aliyoikalia, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Hiyo saruji yenyewe ilishaganda. Mifuko minne, mawe matupu. Ndiyo makochi yetu.

Lakini kilichokuwa kinanipandisha presha ni hiki: nyumba yenyewe tuliyopanga ilikuwa hoi. Choo kina ufa, maji tunamwaga kwa ndoo. Mlango wa mbele haufungi mpaka uuinue kwa nyonga. Mvua ikinyesha, tunakinga matone kwa beseni, na beseni tunaliweka juu ya mabati mapya. Nilimsihi mume wangu alifunge lile sinki angalau tupumue. Akanitazama kama nimetukana.

"Nimfungie mwenye nyumba choo changu?"

Miaka sita tumeishi hivyo.

Sasa siku hiyo nilikuwa kibarazani nasuka mteja, Mama Mwenye Nyumba akaingia. Ni mjane, anakaa mtaa wa pili, hana maneno mengi. Akakaa kwenye saruji sebuleni, akatuita wote wawili, akasema anaiuza nyumba hii. Upepo umemng'olea paa kule anakoishi, na mvua kubwa ziko njiani.

"Nimeanza na nyinyi, wanangu, maana mmekaa na mimi vizuri. Mnipe kitangulizi mwisho wa mwezi, kingine mtakuwa mnanimalizia kidogo kidogo. Mkishindwa, kuna bwana mmoja ana hela yake tayari. Yeye anataka nyumba tupu."

Alipotoka nilimtazama mume wangu. Watoto wetu walijifunzia kutembea kwenye ile sakafu. Wateja wangu wananijua kwa kile kibaraza. Nikihama, naanza upya na vidole hivi ambavyo vimeshaanza kuuma.

"Haya, Bwana Hadiwea," nikamwambia. "Katoe akiba."

Alikwenda. Alizunguka maduka yote anayoyajua, akamalizia kwa bosi wake mwenyewe, na bosi akamwambia mali ikishatoka dukani ni kuukuu, atampa nusu, tena nusu ya kuonewa huruma. Akarudi, akakaa kwenye saruji, kofia mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumpa vidonge vyake, nimevipanga tangu asubuhi, lakini nilivyomwona vile vikanikwama kooni. Hata hilo lilinikera.

Wiki ya mwisho nikaenda kwa Mama Mwenye Nyumba kumwomba muda. Nikamkuta na fundi uani. Nusu ya nyumba ilikuwa wazi, mbingu unaiona kutokea sebuleni, na madirisha yaliyooza yamezibwa kwa maboksi. Fundi alikuwa anamtajia vinavyotakiwa. Mabati. Madirisha ya mbele. Vigae vya chooni, maana sakafu imetitia, na sinki jipya, lile la zamani limepasuka. Mlango huu nao, mama, si wa kurudisha.

Mimi nimesimama pale na kila anachokitaja najua kilipo. Nyuma ya kabati. Upande wa mume wangu. Chini ya kitanda. Upande wangu.

"Mama," nikasema, "usinunue kitu."

Jioni ileile alikuja kukagua. Akaligonga bati kwa kidole, akalifunua sinki nailoni, akachungulia ndani. Mali yote nzima. Akakubali kuihesabu kwa bei ya dukani, kwa kuwa angeinunua hukohuko, na hiyo ndiyo iwe kitangulizi chetu. Mume wangu alikuwa anaitikia kila kitu kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, mpaka ulipotajwa mlango.

"Mlango siuzi."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeombwa mtoto wake. Mama Mwenye Nyumba akasema bila mlango hesabu haifiki.

"Baba watoto," nikamwambia, "leo utatoka huo mlango au nitatoka mimi."

Aliufunga mwenyewe kwenye blanketi letu, blanketi zuri la wageni, akaupakia kwenye lori. Tukaandikishana mbele ya wakili na mashahidi. Fundi alimaliza kazi kabla mvua hazijaanza.

Basi leo nakaa kwenye nyumba yangu. Nyumba yangu yenye choo cha ufa na mlango wa kuinua kwa nyonga. Inavuja palepale, ila sasa beseni limekaa sakafuni, hakuna mabati ya kuliwekea. Na unadhani mwenzangu amejifunza? Anatembea mtaani kifua mbele. "Si nilikwambia? Ingekuwa hela tungekuwa tumeshaila." Kinachoniua ni kwamba ni kweli. Juzi karudi kutoka kazini na bawaba mbili za shaba, kaziweka mezani juu ya vitana vyangu.

"Za nini?"

"Za mlango."

"Mlango upi?"

"Utakuja."

Jana nilipeleka malipo ya mwezi kwa Mama Mwenye Nyumba. Mvua ilikuwa inamwagika. Nikabisha hodi kwenye mlango wangu. Ukafunguka kwa kidole kimoja, bila kelele. Madirisha yangu yamefungwa vizuri, hakuna hata tone linaloingia. Tukahesabu hela, tukamaliza, nikaomba kwenda chooni.

Lilikuwa limevuliwa nailoni. Jeupe, limekaa mahali pake, juu ya vigae vyangu. Nikakaa. Nikavuta maji, yakashuka yote kwa mara moja. Nikangoja tanki lijae, nikavuta tena. Machozi yakanitoka, na sikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira, na nilikuwa na furaha pia, ndiyo maana nikawa na hasira zaidi. Nikakaa tena.

Baadaye nikasikia anagonga. "Mwanangu, uko salama humo?"

Nikamjibu niko salama, asubiri kidogo. Mimi choo hiki nimekisubiri miaka sita.