Nani Ampe Waziri Dawa

Fundi cherehani hakuwa mtu wa wivu. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia wateja wake, pini zikiwa mdomoni, na wateja hawakubishana naye kwa kuwa alikuwa amewazungushia utepe kiunoni. Kwa mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu aliyeonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, kweli hakuwa na wivu. Wivu wake wote, tangu unyayoni hadi utosini, ulikuwa wa paka.

Paka mwenyewe aliitwa Waziri, kwa sababu alitembea polepole, alikula vizuri, na hakuna aliyejua hasa kazi yake ni nini. Dereva alimleta angali mdogo, amelala ndani ya kofia, akamwambia mkewe, "Huyu wako." Maneno hayo mawili fundi aliyashika kama hati ya nyumba. Shida ni kwamba ng'ambo ya ua, hatua kumi na mbili tu kutoka kwenye cherehani, aliishi wifi yake, mkunga mstaafu, na Waziri hakuwahi kusomewa hati hiyo.

Mchana alilala juu ya vitambaa vya fundi, karibu na joto la pasi. Alasiri ikipoa alijinyoosha mgongo, akavuka ua bila kuaga, akaenda kujimwaga mapajani mwa mkunga. Fundi alimtazama akienda hivyo kila siku kwa miaka saba, na kila siku roho ilimuuma upya.

"Wifi, mwanao yuko huku," mkunga aliita kutoka barazani kwake, kwa wema kabisa.

"Muache tu, wifi, apumzike," fundi alijibu, akaikanyaga pedali mpaka uzi ukakatika.

Halafu Waziri akaanza kukonda. Fundi aliona chakula kimebaki sahanini, akasema moyoni, ameshakula kule. Mkunga naye aliona chakula kimebaki, akasema, ameshakula kule. Paka akashinda na njaa katikati ya nyumba mbili zenye samaki, kila mwanamke akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye anayemlisha. Fundi alinuna wiki tatu nzima kwa ajili hiyo.

Aliyegundua ni mkunga. Asubuhi moja alivuka ua amempakata Waziri, akauchukua mkono wa fundi na kuuweka tumboni mwa paka.

"Bonyeza kidogo, wifi. Hapo. Umesikia?"

Chini ya manyoya kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa kifungo cha koti. Mikono ya mkunga ilikuwa imepapasa matumbo ya nusu ya mtaa ule, kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba yeye ndiye aliyekiona. Lakini kitu cha kwanza kilichompitia fundi kichwani, na baadaye alikionea haya, hakikuwa hofu. Alijiuliza kwa nini asikione yeye.

Walikwenda kliniki pamoja, kapu katikati, kila mmoja ameshika mpini wake. Daktari wa wanyama, kijana mwenye sauti ya chini, alimpiga Waziri picha ya tumbo, akachoma uvimbe kwa sindano nyembamba kuchukua kipimo, akawaambia warudi baada ya siku nne. Waliporudi hakuzunguka.

"Ni saratani ya utumbo. Kupona kabisa, sitawadanganya, hatapona. Lakini aina hii huisikia dawa. Wapo paka wanaopata mwaka, hata miwili, wakiwa na raha zao." Aliweka kichupa mezani. "Kidonge kimoja, siku moja ndiyo, siku inayofuata hapana. Ile siku ya hapana ni ya damu yake kupumzika. Dawa hii ni kali. Msiishike bila glavu, na msizidishe hata kidogo. Nani atampa?"

"Mimi," walisema wote wawili kwa pamoja.

Daktari, ambaye bila shaka alikuwa ameona mengi, aliwapa glavu wajaribu. Fundi alikwaruzwa kutoka kiwiko hadi kidole cha mwisho, na kidonge kikatemwa sakafuni. Mkunga alimviringisha Waziri kwenye taulo, akamfungua taya kwa kidole gumba, akakitia kidonge, akampapasa koo, kikashuka. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

"Basi atampa mama huyu," daktari alisema, na kichupa kikaenda kwa mkunga.

Baada ya wiki mbili macho ya Waziri yalianza kung'aa tena. Alikula, alijilamba, aliwakoromea kuku wa jirani. Wateja wa fundi walikuja kujaribisha magauni, wakamtazama, wakasema, "Wifi yako kamponya. Yule mama ana mkono." Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, huku pini zikimchoma ulimi. Paka ni wake, machozi ni yake, masikio yaliyokesha yakimsikiliza akihema ni yake, na sifa zinavuka ua kwenda kwa mwingine. Alitamani sana Waziri apone, na alitamani vilevile, Mungu amsamehe, apone kwa mkono wake yeye.

Siku moja ya hapana, mkunga akiwa ameenda sokoni, fundi alivuka ua. Kichupa kilikuwa juu ya kabati la vyombo. Alitoa kidonge kimoja, akakizika ndani ya kipande cha samaki, akapiga magoti. Waziri alikinusa, akakila, kisha akamlamba vidole kimoja kimoja. Fundi alibaki pale sakafuni akilia kwa furaha.

Aliyoambiwa na daktari aliyajua. Lakini maisha yake yote alikuwa mtu wa mishono, na mshono wa kurukaruka huachia mteja akikaa tu. Dawa ya leo ndiyo kesho hapana aliiona kazi ya fundi mvivu. Alijiambia anaziba mapengo. Katika siku nane aliziba manne.

Siku ya tisa, asubuhi, Waziri alianguka kutoka kwenye meza ya kukatia vitambaa. Hakusimama. Uso ulimcheza upande mmoja, miguu ikatetemeka, povu likamtoka. Fundi alipiga kelele moja tu, na mkunga akawa ameshafika na taulo mkononi.

Kliniki hawakusubiri zamu. Daktari alimlaza Waziri mezani, akamwangalia ufizi, akamsikiliza moyo, kisha akainua kichwa.

"Amepewa zaidi ya nilivyosema?"

Fundi alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, mkunga aliposema, "Ndiyo, daktari. Ni mimi. Nilichanganya siku, nikampa kimoja cha ziada."

Fundi alimgeukia. Huyu alikuwa mwanamke aliyekumbuka saa ya kuzaliwa ya kila mtoto aliyempokea kwa miaka thelathini. Huyu achanganye siku? Mkunga hakumtazama, alikuwa akikunja ncha ya taulo na kuikunjua. Basi alijua. Alikuwa amemwona, labda mara moja, pengine kupitia dirishani, akarudi kinyumenyume na kunyamaza ili asimwaibishe.

Ingefaa fundi ashukuru. Hakushukuru. Wivu ulimpanda mpaka masikioni ukawaka. Huyu mwanamke amemchukulia paka jioni zote za miaka saba, amemchukulia ugunduzi, amemchukulia sifa, na sasa anamchukulia hata kosa lake, tena kwa upole, ili aonekane mwema hadi mwisho.

"Kimoja tu?" Daktari alishusha pumzi. "Basi si mbaya sana. Nitamchoma sindano ya kumtuliza, mwende naye nyumbani, mumpe maji mengi."

Akageuka kutafuta sindano. Fundi hakutakiwa kufanya chochote ila kunyamaza. Mumewe angerudi aambiwe kwamba dada yake ndiye aliyekosea, kichupa kingevuka ua na kuja kwake, na Waziri angekuwa wake peke yake. Haya yote aliyafikiria, tena kwa utulivu, na anayetaka kumcheka ajiulize kwanza angefanya nini. Lakini mezani mguu wa Waziri ulikuwa ukikwangua bati, kra, kra, kra, na mwenye kujua idadi alikuwa yeye peke yake.

"Vinne," alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Si kimoja. Ni vinne. Na si yeye, ni mimi. Nilimpa siku za hapana, kwa siri."

Daktari aliirudisha sindano aliyokuwa ameishika. Hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliita msaidizi wake, akaagiza dripu, akasema paka atalazwa siku kadhaa na damu yake itapimwa kila asubuhi.

"Atapona?" fundi aliuliza.

"Sijui. Ila kwa vinne, ningewarudisha nyumbani, angewafia jioni hii." Alikuwa akinyoa manyoya ya mguu wa mbele. "Sasa nataka mtu mmoja aingie nami ndani amshike nikitafuta mshipa. Mmoja tu. Akifurukuta, tumempoteza."

Mkunga alirudi nyuma hatua moja. "Ingia, wifi," alisema taratibu. "Wewe ndiye mama yake."

Hakukuwa na kijembe ndani yake, ingawa fundi alikitafuta. Alitaka kuingia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Aliitazama mikono yake. Makovu ya kucha za Waziri bado yalionekana.

"Mimi atanikwaruza," alisema, na kila neno lilitoka kama jino linalong'olewa. "Kwako anatulia. Ingia wewe."

Mkunga alivua saa, akanawa hadi viwikoni kama zamani, akaingia. Mlango ukafungwa.

Fundi alikaa kwenye benchi. Kutoka ndani alimsikia Waziri akilia, kisha akasikia sauti ya wifi yake, ile ya kuwaambia wanawake wasukume au wangoje, na kilio kikapungua polepole. Aliionea wivu ile sauti. Aliionea wivu mikono iliyokuwa juu ya manyoya wakati huo, na taulo, na hata daktari. Akainamisha kichwa akaomba, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mkono wa wifi yake uwe bora kuliko wake.