Wezi Watatu wa Upande wa Kulia

Kwetu hakuna anayemwachia mwenzake ashinde. Kaka aliwahi kumfunga mama mabao sita kwenye gemu huku mama ana homa, ndipo akaenda kumletea dawa. Kwa hiyo Jumamosi ile mchana, nilipowashinda mara mbili mfululizo, niliingiwa na shaka.

Tulikuwa wanne mbele ya runinga, vyombo vichafu vikisubiri jikoni: mimi, kaka yetu fundi umeme, mdogo wangu wa kike ambaye ni mwalimu wa chekechea, na kitinda mimba tunayemwita Domo, kwa kuwa siri haijawahi kulala kwake. Gemu lenyewe ni jepesi. Gurudumu linachagua mlinzi mmoja mwenye tochi, naye anabaki mlinzi kwa raundi nne. Wengine watatu ni wezi ndani ya ghala. Akiwamulika wote kabla ya dakika kwisha, wezi wanaosha vyombo. Gurudumu lilikuwa limeniangukia mimi.

Mimi ni mshonaji, na kwa wiki tatu kola zangu zilikuwa zinakwenda upande. Nikapimwa macho. Ijumaa nilibanwa na sare za shule, nikamtuma kaka akanichukulie majibu. Alirudi mikono mitupu, akasema mtandao wa hospitali ulikuwa chini, ningoje Jumatatu. Alisema hivyo huku akichokonoa kitasa cha mlango ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Raundi ya tatu niliacha kuwatafuta wezi, nikaanza kuwachunguza. Domo, ambaye siku zote hujibanza nyuma ya mapipa na kukata pumzi, alikuwa anazurura kwenye mwanga. Mwalimu alijificha nyuma ya boksi dogo, kichwa nje. Kaka alisimama tu. Na wote walikuwa upande wa kulia wa ghala. Kushoto, kwenye mapipa yote mazuri, hapakuwa na mtu. Ilibidi nigeuze kichwa ili nihakikishe.

Nilikuwa nimewaambia macho yananisumbua, basi. Kwamba ni kushoto, kwamba huko naona kama pazia limeshushwa, nilimwambia daktari peke yake, mlango umefungwa.

Niliweka pedi ya kuchezea mapajani, nikawauliza nani kawaambia ni kushoto. Mwalimu akaangalia dari. Kaka akaanza tena habari za mtandao. Nikamgeukia Domo, nikamkazia macho mpaka akashindwa.

"Karatasi iko kwenye begi la kazi la kaka," akasema. "Tulitaka ufurahi hizi siku mbili kwanza, dada."

"Inapona?"

"Palipopotea hapatarudi. Ila wanaweza kuzuia isiendelee, ukianza dawa mapema."

Nilikasirika na kuogopa kwa pamoja. Kumbe mapema ilikuwepo, nao walikuwa wanaitumia kuniachia ushindi. Nilimwambia kaka alete karatasi, avae viatu, tunakwenda hospitali sasa hivi. Akainuka. Aliporudi na karatasi mkononi, mimi nilikuwa nimeshachukua pedi.

"Raundi moja imebaki, ndipo twende," nikasema. "Jificheni kushoto. Na atakayenihurumia, tusijuane."

Safari hii walijificha kweli. Nilimulika dakika nzima, jasho likinitoka viganjani. Nilimpata Domo peke yake, tena kwa sababu alikuwa analia, haoni anakokwenda, na mwizi wake akawa anagonga ukuta.