Inchi Tatu za Thuo

Tepu ya Thuo ilikuwa imekatika mwanzo. Inchi tatu za kwanza zilinaswa kwenye mlango wa chuma wa duka moja pale Huruma, mjini Eldoret, zikabaki huko, na tangu siku hiyo alizoea kuanzia kupima penye tatu. Akitaka inchi kumi, anasoma kumi na tatu. Karibu kila fundi wa kuchomelea mtaani alikuwa na tepu ya namna hiyo, na hakuna aliyeona shida. Mlango ukikaa upande, fundi alisema ni ukuta.

Mwaka wa themanini na tano alikuja Mwalimu Nicanor, msimamizi wa michezo wa chuo kikuu kipya upande wa Kimumu. Alitaka ringi mbili za mpira wa kikapu, kila moja upana wa inchi kumi na nane. Alikuja na wanafunzi watatu, nao wakasimama kumtazama Thuo akifanya kazi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Thuo aliacha shule kidato cha kwanza. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu kuliko kila mtu mtaani, na hakuna mtu wa chuo kikuu aliyewahi kusimama kumtazama. Akataka waone fundi anayejua kazi. Alichora duara sakafuni kwa chaki bila kusitasita, akakunja chuma, akachomelea. Kumi na nane aliisoma pale pale penye kumi na nane. Zile inchi tatu zilizokatika, ambazo hakuwahi kuzisahau akitengeneza dirisha la mtu yeyote, siku hiyo alizisahau.

Jumamosi alizipeleka ringi kwa baiskeli, akazifunga kwenye mbao za saipresi juu ya nguzo mbili. Uwanja wenyewe ulikuwa wa murram, changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, na ng'ombe wa jirani walikuwa bado hawajakubali kuuacha. Timu ilikuwa na watu tisa. Ukitaka kugawa pande mbili za mazoezi unahitaji kumi. Kapteni wao, Kipyego, mtoto wa mkulima wa Sugoi, alimtazama Thuo kule juu ya ngazi, akamwuliza kama ana haraka.

Hakuwa na haraka. Kwa miaka miwili na nusu hakuwa na haraka. Kila Jumatano jioni na kila Jumamosi alifunga kibanda, akapanda baiskeli hadi Kimumu, akawa mtu wa kumi.

Wengi wa vijana hao walikuwa watu wa mbio. Walikimbia uwanja mzima wakifuatana kama ndama, lakini mpira ulikataa kuingia. Uligonga chuma, ukazunguka, ukatoka. Nicanor aliwaambia tatizo ni mikono yao ya jembe. Akaamuru kila mmoja arushe mara mia mbili kabla ya kwenda kula. Wakarusha. Mwaka ulipokwisha walikuwa wamejifunza kuinua mpira juu sana na kuuangusha katikati kabisa, maana kwa njia nyingine haukupita.

Kisha wakaanza kusafiri. Walikwenda Nakuru wakashinda. Walikwenda Kisumu wakashinda. Hakuna timu iliyotaka kuja Eldoret, walisema ni mbali na kuna baridi, kwa hiyo kila mechi ilikuwa ugenini. Thuo aliwasindikiza hadi kwenye lori, akawashikia mifuko, akarudi Huruma akisukuma baiskeli. Jumatano alipofika mazoezini aliwataka wamsimulie yote, nani alimpa nani, mpira ulipitia wapi. Walimweleza huku wakicheka kwamba ringi za wenzao ni pana kama sufuria ya shule, ukirusha hata umefumba macho unaingia. Kila mtu alidhani ni raha ya ushindi inayosema. Thuo naye alicheka.

Alichotaka kilikuwa kimoja, na hakumficha mtu. Alitaka kuvaa jezi ya kijani na kucheza mechi moja ya kweli, yenye refa na filimbi. Mazoezi yalimpa kila kitu isipokuwa hicho. Mke wake Mwihaki, aliyekuwa na kioski cha mboga mbele ya nyumba, alimwuliza wazi wazi mbele ya wateja.

"Baba Muthoni, hao watamaliza masomo wawe mabwana wakubwa. Wewe utamaliza nini?"

 Jumatano iliyofuata Thuo alikwenda vilevile.

Februari ya themanini na nane, chuo kimoja cha Nairobi kilikubali kuja. Ilikuwa mechi ya kwanza nyumbani. Siku tatu kabla, mchezaji mmoja aitwaye Waweru aliteguka kifundo cha mguu, na wengine wawili walikuwa wamelala na malaria. Walibaki sita. Nicanor alimwita Thuo pembeni, akamkabidhi jezi nambari kumi na moja na kitambulisho cha Waweru, akamwambia asiongee sana.

"Waweru na Thuo, nani atajua?" Kipyego alisema. "Nyinyi wa kabila moja, wote mmetoka kwa mama mmoja."

Usiku ule Thuo alimpa Mwihaki jezi ashone pale kwapani palipofumuka. Mwihaki alishona. Halafu akauliza mechi ni saa ngapi, na kama watu wa kawaida wanaruhusiwa kuketi kwenye nyasi.

Siku yenyewe aliketi kwenye nyasi, mtoto mapajani. Thuo alisimama na wenzake, jezi imembana mabega. Wageni walianza kupasha misuli. Wakarusha, mpira ukagonga chuma ukatoka. Wakarusha tena, ukatoka tena. Mwalimu wao alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Rael, filimbi shingoni. Alitazama kwa muda, akaomba ngazi, akatoa tepu mfukoni mwake, akapanda.

Aliposhuka hakupaza sauti. Aliwaambia ringi ni inchi kumi na tano, zote mbili. Alisema hajawahi kuona wizi wa namna hiyo, kwamba hapo hatacheza mtu wake, na kwamba Jumatatu ataandikia chama cha mchezo ili timu hiyo ifutwe. Akataka kujua nani alizitengeneza.

Nicanor alitazama viatu vyake. Kipyego alitazama ringi, kisha akamtazama Thuo, kisha akatazama mbali kule kwenye mahindi. Thuo akaelewa kwamba Kipyego ameshaelewa na hatasema. Hakuna ambaye angesema. Kumtaja fundi ni kumwonyesha aliyesimama hapo ndani ya jezi ya Waweru.

Angeweza kunyamaza. Pengine wangebishana, wakapatana, wakahamia uwanja mwingine, na yeye angecheza. Mechi moja. Halafu Jumatatu barua ingeandikwa.

Akavua jezi. Alibaki kifua wazi mbele ya watu wote, akaikunja vizuri, akampa Kipyego.

"Mama, hizo ringi nimetengeneza mimi," alisema. "Mimi si mwanafunzi. Ni fundi wa Huruma. Hawa hawakujua."

Rael akamwuliza fundi gani hajui kumi na nane. Thuo alikwenda kwenye baiskeli, akatoa tepu yake kwenye mfuko wa vyombo, akaiweka chini kando ya ile ya Rael. Ya Rael ilianza na sifuri. Ya Thuo ilianza na tatu. Mwanamke akachuchumaa akaziangalia kwa muda mrefu.

"Na hawa vijana wamekuwa wakilenga hicho kitundu kwa miaka miwili?"

"Na nusu," Kipyego alisema.

Rael akainuka, akawageukia wachezaji wake. "Basi leo tumekwisha," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Hakuandika barua. Alitoa masharti mawili: mechi ihamie kwenye uwanja wa shule moja mjini, na huyu fundi asivae jezi. Nicanor alikubali yote kabla Rael hajamaliza kusema. Timu ikapanda lori, wageni wakapanda basi lao, vumbi likatulia. Mwihaki alisimama kando ya mume wake. Alimshikia ngazi wakati Thuo akifungua ringi zile nati moja moja. Kule mjini sita wa Kipyego walishinda kwa pointi kumi na tisa.

Kipyego alimwambia kutakuwa na mechi nyingine, watatafuta njia. Thuo alinunua tepu mpya, nzima, akatengeneza ringi mbili za inchi kumi na nane. Kabla hajazifunga, chuo kilifungwa. Wanafunzi walikuwa wamegoma. Sababu ilitegemea unamwuliza nani, na siku hizo hukuuliza sana. Walipewa muda wa saa mbili kuondoka, kila mmoja arudi kwao na awe akipiga ripoti kwa chifu kila wiki. Kilipofunguliwa tena, Kipyego alipata barua ya kumwambia asirudi. Nicanor alihamishwa. Siku moja ya Jumamosi Thuo alikwenda Kimumu na ringi zake mpya kwenye keria ya baiskeli. Askari wa langoni, mgeni, akamwomba kitambulisho. Ndani kulikuwa na vijana asiowajua wakirusha mpira kwenye ringi zilizonunuliwa dukani. Akasimama kidogo akisikiliza mpira ukidunda, kisha akageuza baiskeli.

Zile ringi mpya alizifanya miguu ya meza. Moja ya zile za zamani aliifunga ukutani, nyuma ya kibanda.

Kipyego alianza kuleta maziwa mjini kutoka Sugoi. Alikuwa mnene kidogo sasa, na madebe yalimwinamisha kwenye baiskeli. Akimaliza kugawa alipitia kwa Thuo, na kama hakuna kazi walikwenda nyuma ya kibanda kurusha mpira uliokwisha ngozi. Wote wawili bado waliuinua juu sana. Bado ulipita.

Thuo hakuwahi kumwona hata mmoja akicheza mechi ya kweli, kwa hiyo alizidi kuomba asimuliwe. Alizijua zote kwa moyo, Nakuru, Kisumu. Ila ya Nairobi hakuwahi kuiuliza. Asubuhi moja aliiuliza.

Kipyego aliketi juu ya debe. Alieleza walivyoanza vibaya, walivyokuwa nyuma kwa pointi nane, uwanja wa saruji ulivyoteleza. Alieleza alivyokamata mpira katikati akatafuta wa kumpa.

"Ukawa peke yako pale kona ya kushoto," alisema. "Nikakupa."

"Usinidanganye. Mimi nilikuwa juu ya ngazi."

"Nikakupa," Kipyego alisema tena, polepole.

Thuo aliushika mpira uliokwisha ngozi, akauzungusha mikononi. Mbele ya nyumba Mwihaki alikuwa akibishana na mteja juu ya kabichi. Thuo hakuinua macho.

"Nilirusha ngapi?"

"Tano."

"Zikaingia?"

"Mbili," Kipyego alisema. "Tatu ulikosa."