Nukta Ubavuni mwa Meli

...na anauliza tena yule nahodha redioni, "Kituo, nimeng'oa nanga, nataka kugeuka kulia, kuna kitu pembeni yangu?" na mimi kidole juu ya kitufe, kioo cha rada kimejaa chenga za mawimbi, sikio la pili lina simu, Ok-bun, mke wa kaka, analia, "Shemeji, injini imemzimikia kaka yako, kajibanza ubavuni mwa ile meli kubwa iliyotia nanga akwepe upepo, mtazame basi!" ndivyo walivyo wavuvi wote wa bandari yetu ya Yeosu, wanaukimbia upepo na kutupotea sisi, maana mtambo huu hauna kipimo kimoja, kila nukta unaipima kwa kelele za mwangwi wa majirani zake, jirani akipiga kelele nawe sharti umpite, la sivyo unafutwa pamoja na mawimbi, na jirani wa kaka Deok-su leo ni meli hiyo, mlima wa chuma... nikibonyeza hapa mtambo utapima upande uliotulia tu, naye ataibuka, kaka yangu, mtoto wa kwanza, amiminaye pombe ya mizimu mbele ya picha ya marehemu baba, mimi nimeshika sinia, mama akimchambulia minofu, mkia ananisukumia mimi, "Kula, Deok-gi, miiba nayo ni samaki," na mashua ya baba akapewa yeye, na Ok-bun, niliyemwona mimi kwanza, akapewa yeye, na juzi mezani kaka akasema, "Huyu mdogo wangu kazi yake kukodolea vitone, hata samaki hawamjui!" wakacheka, Ok-bun naye akacheka, nilimwona, nilimwona vizuri sana... "Shemeji, uko hapo? Umempata?" ...maisha yangu yote nimekaa kando yake sionekani, hakuna aliyenitafutia kitufe... lakini damu nzito kuliko maji, bonyeza, mjinga wewe, bonyeza, ni kaka yako... nimebonyeza, huyo hapo, kanukta kadogo, kamekwama palepale meli itakapopita, kadogo kweli, kumbe alikuwa hivi tu siku zote, na hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa, utamu wa kumwona mdogo hivi... kidole kimekirudisha kitufe, chenyewe, taratibu, na kioo kimekuwa vilevile, chenga na mlima wa chuma, hakuna wa kunihoji, nitasema mtambo haukuona... "Kituo, mbona kimya? Nageuka?" ...Ok-bun bado analia sikioni, mwache alie, juzi alicheka, na moyo, ajabu, umetulia kama mtu aliyeshiba, nasafisha koo, nami najua kama nilijuavyo jina langu kwamba nitamwambia nahodha ni mawimbi tu, ageuke.