Kahawa ya Nancy

Klaudia alikuwa amemdanganya shemeji yake, Karugendo, kwamba anakwenda Bukoba kupima macho. Tangu gari litoke Muleba alikuwa akigeuka kutazama nyuma, maana Karugendo si mtu wa kudanganywa kirahisi. Mume wa Klaudia alipofariki, huyo ndiye aliyeshika kibanja cha ukoo kule Ijumbi: migomba, mibuni, na hata nyumba anayolala mjane. Akijua kilichompeleka mjini, atamfukuza humo.

Sasa alikuwa ameketi kwa Renatha, mshauri nasaha, katika chumba chenye pazia zito na mlango uliofungwa kwa ndani. Mbele yake alikaa binti yake Evelyne, na kando ya Evelyne, Nancy. Wawili hao walipendana na kuishi pamoja kama wanandoa, jambo ambalo Klaudia hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake. Kila mtu alipopita uani, Klaudia aliutazama mlango.

"Mwambie mama kwa nini hujafika nyumbani tangu Krismasi," Renatha alimwambia Evelyne taratibu.

"Nilimleta Nancy kwako, mama. Kila mgeni akiingia unamtolea kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha. Hata yule wakala wa kahawa anayekupunja kwenye mizani unampa. Nancy hukumpa. Ulibaki jikoni mpaka tukaondoka. Nikaelewa umetukataa."

Klaudia aliutazama tena mlango uliofungwa.

"Baba yako mdogo alikuwa amekaa sebuleni," alisema kwa sauti ya chini. "Nami nilikuwa nimewaona mmeshikana mikono kule kwenye migomba. Nikaanza kutetemeka. Nikajua nikitoka na kile kikapu cha kahawa, Karugendo ataiona mikono yangu, ataniuliza, na mimi simwezi yule. Angewakusanyia kijiji, mwanangu. Mngepigwa. Sikuwakataa. Niliogopa."

Evelyne akafuta machozi. "Nilidhani unanionea aibu."

"Aibu ipo," Klaudia alisema, maana hakuja mpaka huku kudanganya tena. "Lakini woga umeizidi."

Simu yake ikaita mkobani. Alikuwa Karugendo.

"Si lazima upokee sasa," Renatha alisema. "Wala si lazima ajue lolote. Kabla hujaondoka tutapanga pamoja utakachomjibu, na pa kwenda mambo yakiharibika."

Klaudia akaiacha iite. Akatoa mkobani kifurushi cha jani kavu la mgomba alichokifunga asubuhi, akakifungua. Mikono ilimtetemeka vilevile kama siku ile, buni za kutafuna zikamwagika sakafuni. Nancy akainama, akaokota moja, akaipangusa kwa kidole, akaitia mdomoni.

"Asante, mama."

Simu ikaita tena. Klaudia akaokota buni mbili, moja akampa Evelyne, nyingine akaitafuna mwenyewe.